Nyumba zilizo jirani na sumu: sheria ya utafiti inapima nini hasa?

Kila inaposikika kwamba Bunge la Marekani lina mswada wa kuchunguza nyumba zilizo karibu na maeneo ya Superfund, yaani maeneo yenye taka za sumu yaliyo chini ya mpango wa usafishaji wa serikali ya shirikisho, mazungumzo hugawanyika. Wapo wanaosema watu watahamishwa. Wapo wanaosema sasa serikali itasafisha udongo na kuwalipa walioumia. Mswada wa aina hiyo haufanyi lolote kati ya hayo. Unaagiza kuhesabu: nyumba ngapi, za aina gani, zipo umbali gani kutoka kwenye taka za sumu, na nani anaishi humo. Kisha unaagiza ripoti ipelekwe bungeni.

Kuhesabu kunaonekana kazi ndogo, lakini ndiko kunakoamua nani ataonekana na nani atapotea. Ukibadilisha maana ya "karibu", ya "nyumba" au ya "eneo", mamilioni ya watu huingia au hutoka kwenye hesabu bila hata mmoja kuhama anapoishi. Kwa hiyo anayetaka kuuelewa mswada kama huo aanze na ukurasa wa maana ya maneno, kabla ya kusikiliza hotuba za waliouleta.

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili pia. Familia nyingi za Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu waliopokelewa Marekani kama wakimbizi huanza maisha kwenye nyumba za pango nafuu, na pango nafuu mara nyingi hupatikana kwenye mitaa iliyokuwa na viwanda.

Superfund ni nini

Superfund ni jina la mtaani la sheria ya shirikisho inayofahamika rasmi kwa kifupi cha CERCLA, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter tarehe 11 Desemba 1980. Jina hilo linatokana na mfuko wa fedha uliokuja na sheria hiyo. Kilichoisukuma zaidi ni yaliyotokea Love Canal, mtaa wa mji wa Niagara Falls, jimbo la New York. Kampuni ya Hooker Chemical ilifukia huko zaidi ya tani 20,000 za taka za kemikali katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha mwaka 1953 ikaikabidhi bodi ya shule ardhi hiyo kwa bei ya dola moja. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata, na miaka ishirini na kitu baadaye kemikali zikaanza kuchuruzika kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Agosti 1978 Carter alitangaza hali ya dharura na familia zikaanza kuondolewa.

Sheria iliyofuata inalipatia Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, uwezo wa kusafisha, na inawabana waliohusika: mwenye ardhi wa sasa, aliyekuwa mwenye ardhi wakati taka zinatupwa, aliyepanga zitupwe, na msafirishaji aliyechagua mahali pa kuzitupa. Si lazima kuthibitisha uzembe, na mtu anaweza kudaiwa hata kwa mambo ya kabla ya 1980. Wahusika wasipopatikana, au wakiwa wamefilisika, mfuko ndio unaolipa. Kodi maalumu zilizoujaza mfuko huo zilikoma mwaka 1995. Ya kemikali ilirudishwa Julai 2022 na ya mafuta ghafi Januari 2023.

Maeneo mabaya zaidi huingizwa kwenye Orodha ya Kitaifa ya Vipaumbele, ambayo sasa ina maeneo zaidi ya 1,300. Njia kuu ya kuingia ni alama. EPA hulipima eneo kuanzia 0 hadi 100 kwa kuangalia njia nne za sumu kusambaa: maji ya ardhini, mito na maziwa, udongo pamoja na mvuke unaopanda kutoka chini ya ardhi, na hewa. Likifikia 28.5 linaweza kuorodheshwa. Alama hizo ni za kuchuja tu. Eneo lenye 50 halina maana ya wagonjwa mara mbili ya eneo lenye 25, na eneo lililopata 27 si salama kwa sababu tu halimo kwenye orodha.

Kuna mambo ambayo Superfund haiyagusi. Petroli iliyovuja kutoka kwenye matangi ya kituo cha mafuta imeachwa nje na sheria yenyewe. Viwanda vinavyoendelea kushughulikia taka hatarishi vina sheria yao ya mwaka 1976. Viwanja vya viwanda vilivyokufa, vyenye uchafuzi wa kiwango cha chini, vina programu nyingine kabisa. Mswada ukitaja Superfund peke yake, basi familia inayoishi ukuta kwa ukuta na kituo cha mafuta kinachovuja haitahesabiwa hata mara moja.

Nani anaagizwa, na kufanya nini

Katika mswada wa utafiti, angalia kwanza nani anapewa kazi. Ikipewa Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD, itafanywa na wenye anwani za nyumba za ruzuku lakini wasio na utaalamu wa sumu. EPA wana mipaka ya maeneo na vipimo vya udongo na maji, ila hawajui ni nyumba ipi ina mpangaji wa ruzuku. Januari 2017 taasisi hizo mbili zilisaini makubaliano ya kupeana taarifa kuhusu nyumba za ruzuku zilizo karibu na maeneo ya Superfund. Makubaliano ya ofisi kwa ofisi yanaweza kulegezwa na uongozi unaofuata. Sheria huweka tarehe, na humtaja wa kuulizwa tarehe hiyo ikipita.

Kazi ikipewa Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, GAO, ni jambo tofauti, kwa kuwa GAO ni mkaguzi wa Bunge. Ina haki ya kudai takwimu kutoka kila upande, na mapendekezo yake hufuatiliwa kwa miaka, ingawa haiwezi kumlazimisha mtu kuyatekeleza. Mwaka 2019 ilichukua ramani za maeneo 1,571 ya Superfund yasiyo mali ya serikali ya shirikisho, yakiwemo yaliyokwisha kuondolewa kwenye orodha, na kuzilaza juu ya ramani za mafuriko, mawimbi ya dhoruba, moto wa misitu na kupanda kwa bahari. Ikakuta maeneo 945, takriban asilimia 60, yapo mahali panapoweza kupigwa na majanga hayo. Hakuna aliyechimba shimo wala kupima damu. Ilikuwa kazi ya kulinganisha ramani, na matokeo yake bado yananukuliwa. Utafiti wa nyumba kwa sehemu kubwa ungekuwa wa namna hiyohiyo.

Angalia pili muda uliotolewa. Wizara na mashirika yaliyo chini ya Rais hayaruhusiwi kuwauliza watu 10 au zaidi maswali yaleyale bila kibali cha Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, na kibali hicho huchukua miezi. Mswada unaoipa HUD mwaka mmoja wa kuleta ripoti umeshaamua, bila kusema, kwamba wakazi hawataulizwa. Ripoti itatoka kwenye takwimu zilizopo kabatini. Huo ni udhaifu mkubwa kuliko wanavyokiri wanaoiunga mkono miswada hii, maana takwimu za kabatini hazijui kama mtoto anachezea uani au ghorofa ya tano.

Halafu kuna safari ya mswada wenyewe. Mambo ya nyumba hupita kamati zinazosimamia nyumba na mabenki. Mambo ya EPA hupita kamati nyingine. Mswada unaogusa pande zote mbili huweza kukwama katikati, kila kamati ikisema si wake. Bunge moja la Marekani huishi miaka miwili. Usiopita ndani ya miaka hiyo hufa, na anayeupenda lazima auwasilishe upya kwa namba mpya. Kwa hiyo habari kwamba mswada "umewasilishwa", au hata "umepita kwenye kamati", isisomwe kana kwamba tayari ni sheria. Na hata ukiwa sheria, fedha za utafiti hutafutwa kwenye bajeti, kwa kura nyingine.

"Karibu" ni wapi?

Hapa ndipo mzozo wote ulipo. Miswada na ripoti nyingi hutumia maili moja au maili tatu, yaani kilomita 1.6 au 4.8. Maili moja haikuokotwa tu: ndiyo inayotumiwa Marekani na wakaguzi wa viwanja kabla ya mauzo, ambao hutakiwa kutafuta maeneo yote ya Orodha ya Kitaifa ndani ya umbali huo. Ni kipimo cha kutafuta kumbukumbu. Hakikuwekwa kiseme sumu inafika wapi.

Duara la maili moja lina ukubwa wa kilomita za mraba 8. La maili tatu lina 73, yaani mara tisa zaidi. Ndiyo maana takwimu zinazozunguka zinaonekana kugongana. EPA imekadiria watu zaidi ya milioni 70 wanaishi ndani ya maili tatu za eneo la Superfund. Shriver Center, shirika la mawakili wa wanyonge lenye makao Chicago, liliandika mwaka 2020 kwamba takriban asilimia 70 ya maeneo ya orodha yana nyumba za ruzuku ya shirikisho ndani ya maili moja. Namba ya kwanza inahesabu watu, ya pili inahesabu maeneo. Mtu akizichanganya na kusema "asilimia 70 ya watu wa ruzuku wanaishi kwenye sumu", amesema uongo bila kukusudia.

Tena sumu haitembei kwa duara. Ni kama moshi wa jiko la uani: jirani wa upande unakovuma upepo anakohoa, wa upande wa pili hata hajui kama unapika. Chini ya ardhi, upepo huo ni mwendo wa maji. Viyeyusho vya kusafishia vyuma na kufulia nguo kwa mashine kavu, kama vile TCE na PCE, huzama hadi kwenye maji ya ardhini na kusafiri nayo, wakati mwingine zaidi ya kilomita mbili kuelekea upande mmoja tu. Nyumba iliyo mita 400 upande wa juu wa mkondo inaweza kuwa salama kabisa, na iliyo kilomita mbili upande wa chini ikawa juu ya sumu yenyewe.

Viyeyusho hivyo vina tabia nyingine. Hugeuka mvuke, hupanda kwenye udongo na kupenya ndani kupitia nyufa za sakafu na matundu ya mabomba. Kwa tahadhari, EPA huchukulia kwamba hadi asilimia 3 ya kiwango cha mvuke kilicho chini ya sakafu kinaweza kuonekana kwenye hewa ya chumbani. Mwongozo wake huanza kuzichunguza nyumba zilizo ndani ya futi 100, kama mita 30, kutoka kwenye ukingo wa maji yaliyochafuka. Linganisha mita 30 kutoka ukingo wa uchafuzi na kilomita 1.6 kutoka katikati ya kiwanja, uone jinsi vipimo viwili vya "karibu" vinavyoweza kupishana. Dawa ya mvuke huo, kwa bahati nzuri, ni rahisi: sakafu hutobolewa, bomba la plastiki la inchi 3 au 4 huingizwa hadi kwenye changarawe iliyo chini, na feni inayofanya kazi saa 24 hunyonya mvuke na kuutoa juu ya paa. Kinachoharibika mara nyingi ni feni. Ikizimika, au mpangaji akichomoa waya ili kupunguza bili ya umeme, mvuke hurudi.

Risasi haiendi hivyo. Madini ya risasi hayageuki mvuke wala hayayeyuki kirahisi kwenye maji. Hutua na vumbi la kiwanda, hukaa kwenye sentimita chache za juu za udongo, na hubaki hapo kwa miongo mingi. Kwa risasi, umbali wa mita mia chache na upande wa upepo wa zamani ndivyo vyenye maana. Tena ardhi iliyosawazishwa kwa kifusi cha kiwandani inaweza kuwa na sumu mbali na kiwanda chenyewe.

Kuna pia swali la unapimia kutoka wapi. Takwimu nyingi za kompyuta huliweka kila eneo kama nukta moja kwenye ramani. Eneo la Bunker Hill, Idaho, lilianza na kisanduku cha maili za mraba 21 kabla ya kupanuliwa kufuata uchafu wa migodi kwenye bonde zima la mto. Ukichora duara la maili moja kuzunguka nukta ya katikati, utawaacha nje watu wanaolala ndani ya eneo lenyewe. Mswada mzuri husema wazi: pima kutoka kwenye mpaka.

"Nyumba" ni ipi?

Nyumba za umma, zinazomilikiwa na mamlaka za nyumba za miji, ni rahisi kuhesabu. Majengo ya watu binafsi yenye mkataba wa ruzuku na HUD pia yana anwani zinazojulikana. Kanuni za HUD zinataka majengo hayo yakaguliwe mazingira yake fedha zinapotolewa, na kiwanja kisiwe na kemikali zinazoweza kudhuru wakazi.

Vocha, yaani ruzuku ya pango anayopewa mpangaji mwenyewe, ni habari nyingine. Mwenye vocha hutafuta nyumba mwenyewe sokoni, na ruzuku ya mpangaji imesamehewa ukaguzi huo wa ardhi. Anayekuja kukagua huangalia paa, umeme, maji na madirisha. Kama jengo ni la kabla ya 1978 na kuna mtoto wa chini ya miaka sita, huangalia kwa macho rangi inayobanduka. Udongo wa uani haupimwi. Majengo yaliyojengwa kwa nafuu ya kodi kwa wawekezaji, ambayo ndiyo njia kubwa ya kujenga nyumba za pango nafuu Marekani leo, yako chini ya mamlaka ya mapato na si HUD, kwa hiyo nayo hayaingii kwenye ukaguzi huo isipokuwa yana fedha za HUD pia. Na wapangaji wa kawaida wasio na ruzuku yoyote, ambao ndio wengi, hawamo kwenye daftari la mtu.

Ndipo unapoona kwa nini maneno machache yana uzito wa ajabu. Mswada ukisema "nyumba za umma" unawahesabu wachache. Ukisema "nyumba zinazosaidiwa na shirikisho" unaingiza vocha na, kutegemea ulivyoandikwa, nafuu ya kodi. Ukisema "makazi" tu, unalazimika kutumia sensa.

West Calumet: utafiti ulipotoa jibu lisilo sahihi

West Calumet ulikuwa mtaa wa nyumba za umma katika mji wa East Chicago, Indiana, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa HUD. Ardhi hiyo ilikuwa na kiwanda cha Anaconda cha bidhaa za risasi, na jirani yake ulikuwepo mtambo wa USS Lead wa kuyeyusha risasi, uliofungwa mwaka 1985. Aprili 2009 eneo liliingizwa kwenye Orodha ya Kitaifa.

Sheria ya Superfund inataka kila eneo linalopendekezwa lifanyiwe tathmini ya afya na wakala wa shirikisho wa sumu na magonjwa, ATSDR. Wakala huo ulitoa ripoti yake mwaka 2011. Ilihitimisha kwamba kupumua hewa, kunywa maji ya bomba na kucheza kwenye udongo wa mitaa iliyo jirani havikutarajiwa kudhuru afya ya watu. Wazazi waliosoma hivyo walikuwa na haki ya kutulia.

Julai 2016 meya aliwaandikia wakazi barua: ondokeni. Walikuwa zaidi ya 1,000, na zaidi ya 600 kati yao ni watoto. Vipimo vya udongo vilikuwa vimeonyesha sehemu nyingine zikiwa na risasi zaidi ya mara 100 ya kiwango cha EPA cha wakati huo, ambacho kilikuwa miligramu 400 kwa kilo moja ya udongo. Takwimu za damu za miaka ya 2005 hadi 2015, zilipopangwa kwa sehemu ndogondogo za mji, zilionyesha watoto wa sehemu yenye West Calumet walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuwa na risasi nyingi mwilini kuliko watoto wa kwingine mjini humo. Zikisomwa kwa mji mzima, watoto hao walimezwa na wastani.

Majengo yalibomolewa mwaka 2018. Mwaka 2021 Mkaguzi Mkuu wa HUD aliandika kwamba wizara ilikuwa imekosa nafasi kadhaa za kugundua uchafuzi huo mapema. Na familia zilihamishwaje? Wengi walipewa vocha, msaada uleule usio na ukaguzi wa udongo, wakatafute nyumba katika mitaa wanayoweza kuimudu.

Ndiyo sababu ya kushikilia maana ya maneno. Tathmini ya 2011 ilifanyika kwa mujibu wa sheria, tena na wataalamu, na bado ilikosea, kwa kuwa kizio chake cha hesabu kilikuwa kikubwa kuliko tatizo.

Bei za nyumba zina funzo lilelile. Mwaka 2008 wachumi Michael Greenstone na Justin Gallagher walilinganisha mitaa yenye maeneo yaliyopata alama juu kidogo ya 28.5 na yenye maeneo yaliyopata chini kidogo, wakaona usafishaji haukupandisha bei kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka 2013 Shanti Gamper-Rabindran na Christopher Timmins walitazama kwa karibu zaidi, ndani ya mitaa hiyohiyo, wakakuta nyumba za bei ya chini, ambazo kwa kawaida ndizo zilizo karibu zaidi na eneo, zilipanda thamani kwa kiasi cha kuonekana. Kwa mwenye nyumba hiyo ni habari njema. Kwa mpangaji inaweza kumaanisha pango jipya asiloweza kulilipa, na utafiti usiotofautisha wenye nyumba na wapangaji hautaliona hilo.

Yanayosemwa mitaani

Husemwa kwamba kukaa ndani ya maili moja ni kuugua. Hapana, ugonjwa unahitaji njia ya sumu kukufikia: udongo mdomoni mwa mtoto, maji ya kisima, mvuke chumbani. Njia ikikatwa, hatari hukatika hata kama sumu bado ipo ardhini. Lakini anayesema ukaribu hauna maana yoyote naye amekosea. Mwaka 2011 Janet Currie, Greenstone na Enrico Moretti walichunguza kumbukumbu za uzazi na kukuta kwamba baada ya usafishaji, watoto waliozaliwa na kasoro kwa akina mama wanaoishi ndani ya mita 2,000 walipungua kwa asilimia 20 hadi 25.

Husemwa pia kwamba eneo likiondolewa kwenye orodha, sumu imeisha. Love Canal iliondolewa mwaka 2004, na taka zake zimo palepale chini ya kifuniko cha udongo, zikizungushiwa uzio na mfumo wa kukusanya maji machafu. Kuondolewa maana yake ni kwamba kazi iliyopangwa imekamilika. Mahali ambapo sumu imeachwa ardhini, EPA hurudi kukagua kila baada ya miaka mitano, na masharti kama kutochimba kisima yanaendelea kumbana anayenunua leo.

Na husemwa Superfund hulipa fidia. Hailipi maumivu ya mtu wala kifo. Hulipia usafishaji na uharibifu wa maliasili. Anayetaka fidia hufungua kesi yake chini ya sheria za jimbo. Kenya ilikwenda njia nyingine katika kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilijengwa kikipakana na nyumba za watu. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake walikwenda mahakamani kwa kutumia haki ya kikatiba ya mazingira safi, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 pamoja na eneo kusafishwa. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Marekani ina orodha na utaratibu wa kusafisha lakini haina fidia ndani ya sheria hiyo. Owino Uhuru walipata hukumu ya fidia bila kuwa na utaratibu kama huo wa kusafisha.

Bila kusubiri ripoti

Anayeishi Marekani anaweza kuanza leo. Kwenye tovuti ya EPA kuna ukurasa wa kutafuta maeneo ya Superfund kwa anwani. Ukilipata eneo, andika jina na namba yake, kisha tafuta sehemu inayoeleza kama binadamu wanafikiwa na sumu. Kuna majibu matatu: imedhibitiwa, haijadhibitiwa, na taarifa hazitoshi. Jibu la tatu usilisome kama la kwanza. Fungua pia ripoti ya mwisho ya miaka mitano na utafute jina la mtaa wako ndani yake; muhtasari wa mwanzo huwa wa jumla mno.

Ukurasa huohuo hutaja meneja wa mradi na mratibu wa jamii. Waandikie barua pepe yenye maswali yanayojibika: je, kiwanja changu kimo ndani ya mpaka? Udongo au hewa ya nyumba hii imewahi kupimwa, lini, na ilipata nini? Je, kuna feni ya mvuke, na nani anaikagua? Omba majibu kwa maandishi, na omba mkalimani wa Kiswahili kwa mkutano wowote wa hadhara. Mpango wa usafishaji ukitangazwa, wananchi hupewa angalau siku 30 za kutoa maoni, na EPA hulazimika kujibu maoni mazito yaliyoandikwa. Kikundi cha wakazi kinaweza pia kuomba ruzuku ya hadi dola 50,000 ya kumwajiri mtaalamu wao wa kuwasomea nyaraka.

Kama shaka ni risasi, chukua udongo wa juu, sentimita 2 hadi 3 tu, kutoka sehemu tano za mahali watoto wanapocheza, uchanganye na upeleke maabara. Sampuli ya bustani ya mboga na ya chini ya michirizi ya paa ziwe kwenye mifuko tofauti, maana zikichanganywa huwezi kujua tatizo liko wapi. Tangu Januari 2024 EPA hutumia miligramu 200 kwa kilo kama kiwango cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi. Wakati unasubiri majibu, viatu vibaki mlangoni, sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa kikavu, na mboga zipandwe kwenye boksi lenye udongo ulionunuliwa.

Mtoto aliye kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ana haki ya kupimwa risasi kwenye damu akiwa na miezi 12 na tena akiwa na miezi 24, na aliyepitwa na vipimo hivyo anaweza kupimwa baadaye kabla hajatimiza miaka sita. Kiwango kinachowafanya madaktari wachukue hatua ni mikrogramu 3.5 kwa desilita tangu mwaka 2021. Kipimo cha ncha ya kidole kikija juu, omba cha mshipa kabla ya kufikia uamuzi wowote, kwa sababu vumbi kidogo lililobaki kwenye ngozi linatosha kuipandisha namba.